Simu Moja, Watoto Saba na Mtihani wa Hesabu

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwalimu mstaafu, ambaye pia ni mwanachama wa kikundi, katika mkutano wa pamoja wa vikundi vya kujisaidia. Tunayachapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Nimeombwa nieleze habari ya ile simu. Nasikia vikundi vitatu vilivyo hapa leo vinataka kununua simu kama yetu, ili watoto wa kidato cha nne wasome hesabu kwa video za intaneti. Ni jambo zuri. Lakini kabla hamjatoa pesa kwenye sanduku, wacha niwaambie jinsi sisi tulivyoanza vibaya, na mwenye makosa alikuwa mimi.

Mwaka jana tulikuwa na watoto saba wa kidato cha nne katika kikundi chetu, wavulana wanne na wasichana watatu. Hesabu iliwasumbua wote. Mimi nikasimama nikasema, tununue simu moja nzuri, tuweke bando kila wiki, watoto waangalie masomo jioni. Wanachama wakakubali. Nikatoa na daftari, kila mtoto aandike ameangalia saa ngapi. Kila Jumamosi nilikuwa nikisoma lile daftari nikifurahi. Saa mbili, saa tatu. Nikawaambia wazazi, watoto wanasoma!

Ukaja mtihani wa majaribio, ule wanaouita moki. Katika wale saba, watano hawakupanda hata kidogo, na mmoja alishuka. Wanachama wakaniuliza, Mwalimu, pesa zetu zimekwenda wapi? Lilikuwa swali la haki, na sikuwa na jibu.

Nikawaita watoto, nikawawekea swali moja la kidato cha tatu, la watu na kazi. Nalisema kwa Kiswahili, ingawa kwenye karatasi lingekuwa kwa Kiingereza: Watu 9 wanaweza kumaliza kuchimba mtaro kwa siku 12. Baada ya siku 4, watu 3 wakaondoka. Waliobaki watamaliza kazi iliyosalia kwa siku ngapi?

Mvulana mmoja, ambaye kwenye daftari alikuwa na saa nyingi kuliko wote, alipiga kikokotoo haraka akaandika: siku tano na theluthi moja. Mimi nikanyamaza. Mama mmoja alikuwa akipita na debe la maji, akasikia, akacheka. Akasema, "Mwanangu, watu wamepungua, halafu kazi iishe mapema? Hiyo kazi umewahi kuifanya wapi?" Si mnajua sisi tumechimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko miaka mingi. Yule mama hakufika kidato chochote.

Jibu ni siku 12. Kazi yote ni 9 mara 12, yaani 108, tuseme vibarua 108 vya siku moja moja. Kwa siku 4 watu 9 wamefanya 36. Zimebaki 72, na watu waliobaki ni 6. Sabini na mbili ukigawa kwa sita unapata 12. Kijana aligeuza sehemu juu chini, basi.

Nikamwuliza, video ya somo hili uliiangalia? Akasema ndiyo, mara mbili, na aliielewa. Hakuwa akidanganya. Alipokuwa akimwangalia mwalimu wa video, kila hatua ilikuwa wazi, kama vile mimi nikimwangalia fundi akijenga ukuta. Naona tofali linapanda juu ya tofali, nasema hii ni rahisi. Nipe mwiko sasa uone.

Hapo ndipo nilipojua kosa langu. Nilikuwa nahesabu saa za kuangalia, na mtihani hauulizi umeangalia nini.

Hata hivyo, sikubaliani na mzee aliyesema simu ni mchezo tu. Hebu mfikirie hizi video zilianzaje. Huko Marekani kuna mtu aitwaye Salman Khan. Mwaka 2004 alianza kumfundisha binamu yake hesabu kwa simu, kwa sababu waliishi miji ya mbali. Jamaa wengine nao wakataka, akaona arekodi masomo ayaweke kwenye YouTube mwaka 2006. Katika hotuba ya mwaka 2011 alisimulia kwamba binamu zake walimwambia wanampenda zaidi kwenye video kuliko yeye mwenyewe! Kwa nini? Kwa sababu video unaweza kuisimamisha na kuirudisha nyuma mara kumi, na hakuna mtu wa kukuuliza kwa nini huelewi. Mimi nimefundisha darasa la watoto sitini. Najua ni wangapi walinyamaza kwa aibu. Mtoto wa namna hiyo video inamfaa sana. Na tunakumbuka mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi. Waliokuwa na redio, televisheni au simu walishika kitu kidogo, na wengine walikaa miezi bila kuona ubao.

Sasa niseme juu ya video zenyewe, kwa maana si zote ni za mtihani wetu. Watoto wetu walifungua video yoyote iliyokuja mbele. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya watoto wa Marekani au Uingereza. Hesabu ni hesabu, lakini silabasi ni tofauti. Mfano ni logi. Katika KCSE mara nyingi utakuta swali linaloagiza mtoto atumie majedwali ya logi, aonyeshe kila namba aliyoitoa kwenye jedwali. Mwalimu wa Marekani anabonyeza kikokotoo tu. Mtoto akifuata huyo, atapata jibu lakini atakosa alama za kazi. Pia kuna hesabu ya kodi ya mshahara wa Kenya, na ya longitudo na latitudo kwa maili za baharini. Hizo hutazipata kwa urahisi kwa mwalimu wa nchi nyingine. Upande mwingine, vijana wetu wawili walipoteza wiki nzima kwenye masomo ya chuo kikuu wakidhani ni ya kidato cha nne.

Kwa hiyo sasa tunaanza na karatasi, ndipo twende kwenye simu. Tunachukua orodha ya mada za kidato cha tatu na cha nne kutoka kwa mwalimu wa shule. Halafu tunatafuta video ya mada hiyo iliyotolewa na mwalimu wa Kenya anayefuata KCSE. Wako wengi siku hizi. Zile za nje tunaziacha kwa kuelewa jambo lenyewe, kwa mfano mwinuko wa mstari uliopinda unapatikanaje. Hapo kwa kweli wanaeleza vizuri.

Jambo lingine ni saa. Wazazi wengi hawajui mtihani huu umekaaje, na mimi naona ni vizuri mzazi ajue. Karatasi ni mbili, kila moja saa mbili na nusu, alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 mafupi, yote lazima, jumla alama 50. Sehemu ya pili ina maswali 8 marefu, mtoto achague 5, kila moja alama 10. Ukipiga hesabu, dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa alama moja. Swali la alama 10 lina dakika 15. Sasa kuna video zinazotumia dakika 25 kueleza swali moja kama hilo. Ni sawa kwa kufundisha, lakini mtoto aliyezoea hivyo atafika swali la tatu na msimamizi anasema kalamu chini.

Tena alama hazitolewi kwa jibu peke yake. Kuna alama za njia na alama za usahihi. Yule kijana wetu wa mtaro, angeandika 108 na 72 kwenye karatasi, angepata kitu hata kama mwisho angekosea. Yeye aliandika jibu tupu, tena la makosa. Sifuri.

Mnauliza tunafanyaje sasa. Mtoto anaangalia video kwa dakika kumi, si zaidi, kalamu mkononi. Mwalimu wa video akishaandika swali, simu inasimamishwa hapo. Mtoto analifanya mwenyewe hadi mwisho, au hadi atakapokwama. Akikwama, anafungua hatua moja tu, anasimamisha tena. Kesho yake analirudia swali lile lile bila simu. Lisipotoka, basi halijajulikana. Na kila Jumamosi alasiri wote wanakaa chini ya mwembe na karatasi ya mtihani wa miaka iliyopita, saa ya ukutani imetundikwa, simu imefungwa sandukuni. Baadaye wanasahihishana kwa mwongozo. Daftari letu bado lipo, lakini sasa linaandika maswali yaliyofanywa, siyo saa.

Juu ya gharama nitasema kidogo. Usiwape watoto bando la kufungua fungua. Mtu mmoja aende mahali penye intaneti ya bure, baadhi ya maktaba za umma na vituo vya vijana wanayo, apakue masomo ya mwezi mzima. Kama hamna budi kutumia bando, shusheni ubora wa picha, namba za ubaoni bado zitasomeka. Na iko programu ya bure iitwayo Kolibri. Inawekwa kwenye kompyuta moja pamoja na masomo, kisha simu za karibu zinaunganishwa nayo bila intaneti. Kikundi chenye kompyuta ya zamani kisiitupe.

Liko jambo lililoniuma zaidi, nalo nililiona nilipolirudia lile daftari la kwanza. Saa karibu zote zilikuwa za wavulana. Wale wasichana watatu jina lao lilionekana mara moja moja. Nikauliza, kumbe jioni simu inapofunguliwa wao wako mtoni, au jikoni, na wanaporudi bando limekwisha. Hakuna mtu aliyewakataza. Ndivyo tu tulivyopanga saa yetu, sisi wanaume wa kamati. Tumebadilisha. Wasichana wana simu saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, na maji saa hiyo yanachotwa na kaka zao. Kulikuwa na manung'uniko, siwafichi, hata baba mmoja alitishia kutoa hisa zake. Hajatoa.

Nawaambia haya kwa haraka kwa sababu muda si mrefu. Watoto waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndio watakaofanya KCSE mwaka 2027, nao ndio wa mwisho katika mfumo wa 8-4-4. Na tangu matokeo ya mwaka 2023, gredi ya mwisho inatokana na hesabu, ambayo ni lazima, pamoja na lugha moja na masomo mengine matano aliyofanya vizuri. Mtoto hawezi kujificha nyuma ya historia na kilimo. Hesabu inamfuata.

Wale saba walifanya mtihani wao. Tulikuwa na wiki tisa tu baada ya moki. Wanne walipanda, wawili vizuri kabisa, na mmoja wao ni msichana aliyekuwa akikosa simu. Watatu walibaki pale pale. Wazazi wa hao watatu wako hapa leo, na sitawaambia kwamba wiki tisa zilitosha.

Mweka hazina wa kikundi cha bondeni ameniuliza simu inalala kwa nani. Kwetu inalala kwa yule mama wa debe la maji. Nambari ya siri anayo yeye peke yake, na kabla hajafungua anamwambia mtoto, nionyeshe kwanza la jana.

Karatasi ya mwaka uliopita nimekuja nayo, nakala kumi. Kila kikundi kichukue mbili.