Simu Katika Chumba cha Upasuaji

Ukimwona daktari akielekeza simu kwenye kichwa cha mtoto kabla ya upasuaji, usishtuke. Huenda anatafuta mahali pa kupasua.

Mashine kubwa za kuongoza upasuaji wa ubongo ni ghali mno, na hospitali nyingi hazina. Kwa hiyo madaktari katika nchi mbalimbali wamejaribu njia nafuu. Picha za skani ya kichwa huingizwa kwenye simu. Daktari akielekeza kamera kwa mgonjwa, kioo humwonyesha palipo na uvimbe au maji ndani ya kichwa. Kisha huweka alama kwa kalamu juu ya ngozi.

Lakini simu yaweza kukosea kwa milimita kadhaa. Ni msaada tu. Ujuzi ni wa daktari.

Na msaada huo hufaa mtoto akifikishwa mapema. Kichwa cha mtoto mchanga kikikua upesi kupita kiasi, utosi ukituna, macho yakielekea chini, au akitapika mara kwa mara, mpeleke hospitalini leo, usingoje kesho. Ukifika, muulize daktari: mtapasua wapi, na kwa nini? Kuuliza ni haki yako.

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.