Kazi za Mikono kwa Mama Anayengoja Mtoto

(Mazungumzo ya mkunga na akina mama wajawazito wa kambi ya Dzaleka, Malawi. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Mwenye mgongo unaouma aegemee ukuta. Naona wengi wenu mmekuja na sindano na nyuzi, na sitaki mziweke chini. Endeleeni kufuma huku mkisikiliza, kwa sababu leo tunazungumza juu ya hizo hizo sindano.

Kambi hii ina mikono mingi yenye ujuzi. Kuna waliotoka Burundi na Rwanda ambao wamejua kusuka vikapu tangu utoto. Kuna Wakongo wanaoshona vitenge na kufuma kwa ile sindano yenye ndoano, krosheti. Mama akishika mimba, mara nyingi kazi nzito zinampunguza nguvu, na kazi ya kukaa ndiyo inayobaki. Basi tuitumie vizuri.

Naanza na kofia ndogo ya mtoto. Msicheke! Wengine wataona ni pambo tu. Ripoti ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2012 ilionyesha kwamba hapa Malawi watoto kama 18 katika kila 100 walikuwa wakizaliwa kabla ya kutimiza wiki 37, na hakuna nchi iliyozidi hapo. Mtoto wa namna hiyo hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Kichwa chake ni kikubwa kuliko sehemu nyingine za mwili, na joto linamtoka upesi. Nanyi mnaujua upepo wa hapa Dowa mwezi wa Juni na wa Julai usiku, unavyopita chini ya mlango. Mtoto akishapoa anaacha kunyonya, na asiponyonya anazidi kupoa. Tunawapoteza hivyo.

Kwa hiyo kila mama afume kofia mbili, si moja. Ya kwanza ni ya mtoto aliyetimiza miezi yake. Kichwa chake kina mzunguko wa sentimita 35 hivi. Ya pili iwe ndogo zaidi, ya mtoto atakayewahi kuja. Huna tepu ya kupimia? Njoo kliniki na kipande cha uzi, tutakufungia mafundo mawili, moja la kofia kubwa na moja la kofia ndogo. Kofia ibane kidogo, maana uzi uliofumwa unavutika. Ile ndogo usipoihitaji wewe, Mungu ashukuriwe, iletee kliniki. Yupo atakayeihitaji usiku wa manane.

Usiweke kamba ndefu za kufungia chini ya kidevu, zinaweza kumnyonga mtoto. Usiweke vifungo wala shanga. Najua shanga zinapendeza, lakini shanga hukatika, na mtoto hupeleka kila kitu kinywani. Ncha za uzi zifiche vizuri, hasa ndani ya soksi na vifuniko vya mikono: uzi mmoja uliolegea ukizunguka kidole cha mtoto unaweza kuzuia damu, kidole kikavimba na kuwa cheusi, na mama hajui mtoto analilia nini. Soksi igeuze ndani nje kabla ya kumvisha, uitazame.

Jua likiwaka na nyumba ikiwa na joto, vua kofia. Mgusie mtoto shingoni au kifuani. Ukikuta jasho, amezidishiwa nguo.

Kitu cha pili ni kitambaa cha kumfungia mtoto kifuani. Warundi na Wanyarwanda wana ingobyi tangu zamani, ngozi laini ya kubebea mtoto mgongoni, na neno lenyewe mnalipenda. Hiki ninachokisema kinafungwa mbele. Mwishoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Bogotá, nchini Colombia, walikuwa na watoto njiti wengi na mashine chache za kuwapasha joto, wakaanza kuwaweka kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Hapa Malawi njia hiyo inatumika hospitalini kwa miaka mingi. Kisha utafiti mkubwa ukafanywa katika nchi tano, yaani Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021. Watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi karibu kilo 1.8 waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza watulie kwenye mashine. Vifo katika siku 28 za mwanzo vilipungua kwa robo. Robo nzima, mama zangu, na chombo chenyewe ni kifua cha mama na kitambaa!

Kitenge cha yadi mbili kinatosha. Tafuta kilichotumika, kilicholainika. Kitenge kipya kina wanga na kinateleza. Kunja upindo pande zote na ushone, kisichanike. Mtoto anavaa nepi na kofia tu, anasimamishwa kati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande mmoja ili pua iwe wazi. Ukingo wa juu wa kitambaa ufike chini ya sikio lake. Kaza kiasi kwamba ukisimama hatelezi, lakini tumbo lake lipate nafasi ya kupumua. Baba naye anaweza. Wapo wanaume hapa wanaoona haya, nami nawaambia kifua chao kina joto lile lile.

Nepi sitazisemea sana, mnazijua. Shuka kuukuu la pamba linatoa nepi nyingi. Ila fueni kila kitu kwa sabuni kabla mtoto hajazaliwa, anikeni juani kwenye kamba, siyo chini kwenye majani, na mpige pasi ya mkaa pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Yuko inzi katika nchi hii anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake huingia katika ngozi. Joto la pasi linaua mayai hayo.

Sasa niguse jambo ambalo wengi hamlisemi mbele ya watu. Wapo wazee wanaokataza kumshonea mtoto kabla hajazaliwa. Wanasema unaita mkosi. Siwadharau wazee hao. Wameona watoto wengi wakifa, na waliona ni afadhali mama asiwe na sanduku la nguo za kumliza. Yupo mama hapa kambini aliyeniambia kwamba mimba yake ilipoharibika, jirani alimlaumu kwa sababu ya blanketi alilokuwa ameshona. Nasema wazi: blanketi halikumwua mtoto. Watoto wanapotea kwa sababu ya malaria, shinikizo la damu, kutokwa damu, maambukizi, kuzaliwa mapema mno. Na mara nyingine hata sisi wauguzi hatupati sababu. Jirani anayesema maneno kama yale anaongeza kidonda juu ya kidonda.

Kama moyo wako hautulii, au mama mkwe hapendi, ipo njia. Shona kitambaa cha nyumbani, usikiite cha mtoto. Kofia zihifadhi kwa rafiki yako naye akuwekee zake wewe. Mila itaheshimiwa, na mtoto akija hatafunikwa kwa gunia.

Tuje kwenye kazi ya kuuza. Wengi mnauza vikapu, vitambaa vya meza, mikoba ya vitenge. Kazi ya mikono ya wakimbizi ina thamani, hata Shirika la UNHCR lina mpango uitwao MADE51 unaosaidia mafundi wakimbizi wa nchi mbalimbali kupata soko la nje. Lakini wengi wenu mnamwuzia mchuuzi anayepita mlangoni, naye anajua kwamba una mimba na unahitaji pesa upesi. Piga hesabu kabla hajafika. Tuseme uzi na kitambaa vimekula kwacha 6,000, na umefanya kazi siku nne. Mchuuzi akikupa 7,000, umeuza siku zako nne kwa kwacha 1,000. Ukifanya hesabu hiyo kwa sauti mbele yake, ataongeza. Asipoongeza, mfikirie vizuri. Na mchuuzi anayekukopesha uzi kwa masharti kwamba vyote umwuzie yeye, huyo mimi namwogopa, kwa sababu ukijifungua na kupumzika deni halipumziki.

Sehemu ya pesa iweke pembeni kwa siku ya kujifungua: usafiri ukihamishiwa hospitali ya wilaya, sabuni, chakula cha anayekusindikiza. Mlio katika upatu, ule ambao Wakongo wanauita likelemba, ombeni zamu yenu iangukie mwezi wa nane wa mimba. Kikundi chenye akili hakiwezi kukataa. Na waume wasikilize: pesa ya kikapu cha mama mjamzito si ya pombe.

Haya, mwili wenyewe. Kukaa kutwa nzima si kupumzika. Damu inatuama miguuni, mgongo unakakamaa. Kila baada ya nusu saa simama, tembea hadi kwa jirani na kurudi. Miguu iweke juu ya kigoda. Fumeni mchana penye mwanga. Kibatari kinachosha macho na moshi wake si mzuri kwa aliye tumboni.

Matete na nyasi za kusukia, amwombe mtu mwingine akamkatie. Maji yaliyotuama yana kichocho, na mzigo wa majani mabichi ni mzito kuliko unavyoonekana. Rangi nazo: ukichemsha rangi, chemshia nje, kaa upande upepo unakotoka, na sufuria hiyo isirudi jikoni. Kazi ya rangi za unga na dawa za kung'arishia mwachie asiye na mimba. Msipasue betri kuukuu kutafuta rangi nyeusi. Na chandarua, jamani! Nimeona vikapu vilivyofungwa kwa kamba za chandarua. Malaria ya mama inamla mtoto tumboni, anazaliwa na uzito mdogo. Chandarua ni cha kulalia, leo na kesho, na mtoto akizaliwa mlale naye ndani yake.

Sindano yenyewe inaweza kukuonya. Ukiona pete au kastabini iliyokuwa inaingia kidoleni sasa haiingii, mikono imevimba, na uso pia. Ukiona ghafla tundu la sindano halionekani, macho yanaona ukungu au vimulimuli, na kichwa kinauma bila kuacha, usiseme ni uchovu wa kufuma. Hizo ni dalili za shinikizo la damu la ujauzito, linaloweza kuleta degedege na kumwua mama pamoja na mtoto. Acha kazi hapo hapo uje, hata usiku. Kadhalika ukitokwa damu, maji yakipasuka, homa ikipanda, au tumbo likiuma sana.

Na kwa kuwa umekaa kimya na kazi yako, msikilize mtoto. Kila mmoja ana desturi yake ya kucheza. Mwingine anaamka mama anapokaa kufuma baada ya chakula. Akipunguza kucheza au akinyamaza, usimngoje hadi kesho. Kliniki msiikose: tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe mara nane katika mimba moja, na kila mara tupime presha. Vidonge vya madini ya chuma mezeni, msiviuze.

Nimalizie na zawadi. Warundi na Wanyarwanda wanajua guhemba, kumwendea mzazi na kinywaji na chakula na kumpongeza. Huko nyumbani walikuwapo shangazi, mama mdogo, bibi. Hapa wapo wasichana waliofika peke yao, mimba ya kwanza, hawana hata mtu wa kuwashikia ndoo. Kikundi kikimshonea mmoja wa hao kifurushi, yaani kofia mbili, kitambaa cha kifuani, nepi sita, na kitambaa safi cha mama mwenyewe, kimefanya zaidi ya risala yoyote. Mwanasesere mkubwa na mto uliopambwa viacheni kwa sasa. Mtoto mchanga halali na mto wala na vitu laini usoni, asije akakosa pumzi.

Tunakutana kila Alhamisi, kliniki ikiisha, kwenye kivuli cha nyuma ya jengo. Mkasi tunao mmoja, kwa hiyo mwenye mkasi wake aje nao. Njooni na nguo za pamba zilizochakaa, zilizofuliwa, na uzi wowote uliobaki hata kama rangi hazilingani. Mjuzi wa krosheti atafundisha wawili, na hao wawili watafundisha wengine wawili. Aliyekwisha jifungua anaruhusiwa kuja na mtoto wake kifuani, na wengine wataona jinsi kitambaa kinavyofungwa.