Amri Aliyoikataa

Somo: Kutoka 1:15-21



Katika somo letu twawaona wakunga wawili, Shifra na Pua. Farao aliwaamuru wawaue watoto wa kiume wa Waebrania, lakini wao walimcha Mungu, wakawaacha watoto hai. Leo twataka kuwaeleza habari za askari mmoja wa Vita Kuu ya Pili ambaye naye alipewa amri ngumu.

Patrick Dalzel-Job alizaliwa London mwaka 1913. Baba yake aliuawa katika vita vya Somme, Ufaransa, mwaka 1916. Alipokuwa kijana alijiundia jahazi, akasafiri na mama yake mpaka Norway. Huko alijifunza lugha ya wenyeji na kuijua pwani yao. Vita vilipoanza akaingia jeshi la majini la Uingereza.

Mwezi wa Aprili 1940 Wajerumani waliivamia Norway. Waingereza na wenzao wakapeleka majeshi ili wautwae mji wa Narvik, bandari ya kaskazini iliyopitishiwa madini ya chuma kutoka Sweden. Luteni huyu alikusanya mashua za wavuvi, akavusha askari kwa maelfu. Mji ulitwaliwa tarehe 28 Mei. Lakini wakubwa walikuwa wamekwisha kuamua kwa siri kuyaondoa majeshi yao.

Na wenyeji je? Wazee, akina mama na watoto wa Narvik walikuwa katika hatari ya ndege za adui. Luteni alianza kuwahamisha. Amri ikaja kwamba aache. Alijua vema adhabu ya askari asiyetii, hata hivyo aliendelea. Mashua zile zile zilizobeba askari zikawabeba raia. Tarehe 2 Juni ndege za Wajerumani ziliupiga mji kwa mabomu, na sehemu kubwa ikateketea. Watu wapatao 4,500 waliokolewa kwa kazi ile. Mfalme Haakon wa Norway akamshukuru na kumtunukia nishani, na hivyo akaepuka kushtakiwa.

Mwaka 1944 alitumika katika kikosi cha makomando kilichotangulia mbele ya jeshi ili kukamata siri za adui. Wengine husema kwamba mwandishi Ian Fleming alichukua kwake mfano wa mpelelezi wake, James Bond. Alifariki Scotland mwaka 2003. Sisi twamkumbuka zaidi kwa mashua za Narvik.

Ndugu zetu, tusielewe vibaya. Neno la Mungu latufundisha kuwatii wenye mamlaka. Mtu anayekaidi kwa kiburi, au kwa faida yake, asijifiche nyuma ya wakunga wale. Basi tujiulize mambo mawili: Nikikataa, ni nani atakayepona? Na je, niko tayari kulipa gharama mimi mwenyewe? Luteni yule alihatarisha cheo chake. Aliyepona ni mtoto wa mtu mwingine.

Amri za namna hii hazitolewi vitani tu. Karani huambiwa aifiche faili ya mjane mpaka mjane atoe chochote. Bawabu huambiwa asimfungulie lango mama mwenye uchungu wa kuzaa kwa kuwa hana fedha. Nasi twajibu upesi, "Ni amri ya mkubwa," kisha twanawa mikono kama Pilato. Lakini maji ya Pilato hayakumtakasa.

Tena tuone jambo hili: kabla ya kuwaokoa watu wale, alikuwa ameishi kati yao na kusema lugha yao. Ni vigumu kumwacha mtu aangamie ikiwa umekwisha kumjua. Pengine ujasiri wetu ni mdogo kwa sababu hatujui hata jina la mjane anayengoja mlangoni.

Tuombe. Ee Bwana, utupe moyo wa kutii yaliyo haki, na nguvu ya kukataa yale yanayowaangamiza watu wako. Utufumbue macho tumwone jirani yetu kabla ya saa ya hatari. Kwa jina la Yesu Kristo, Mwokozi wetu. Amina.