Kivuko si Hisani: Maneno Yangu kwa Vijana wa Mwankoko

 

Nimeombwa niongee kuhusu barabara. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, lakini sitawachosha na vifungu. Nataka tukitoka hapa kila mmoja ajue barabara inayopita mbele ya nyumba yao ni ya nani, na anamdai nani.

Kwanza tuelewane ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema watu takribani milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Na kwa watu wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua kuliko ajali za barabarani. Hapo ndipo tulipo sisi na wadogo zetu. Kwa hiyo mtu akikwambia "ajali ni mipango ya Mungu", mjibu kwa heshima kwamba Mungu hakupanga shule ikose kivuko.

Sasa, barabara ni ya nani? Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya, mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Ukipeleka barua ya barabara ya TARURA kwa TANROADS, utazungushwa mpaka uchoke. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua jina la barabara na mwenye nayo.

Pili, hela. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Kijana wa bodaboda hapa Mwankoko akijaza lita tatu, ameshachangia shilingi 300. Anachangia leo, kesho na keshokutwa. Visima vya Mwankoko vinanywesha mji wa Singida, na pikipiki za Mwankoko zinachangia barabara za nchi. Anayeomba tuta hapa haombi msaada. Anadai alicholipia.

Tatu, tudai nini hasa? Pundamilia haichorwi kwenye vumbi. Kama barabara ni ya lami, dai kivuko chenye alama, matuta kabla ya kivuko, na vibao. Kama ni ya changarawe, dai matuta yaliyojengwa kitaalamu, vibao vya mwendo, na njia ya pembeni ya kutembea. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, ila kibao bila tuta ni ushauri tu kwa dereva mwenye haraka.

Msidhani ni mambo makubwa. Dar es Salaam, shirika la Amend lilifanya kazi kuzunguka shule za msingi: vivuko, matuta, njia za miguu, pengine kuhamisha geti la shule lisifungukie kwenye magari. Majeruhi walipungua kwa takribani asilimia 26, na mwaka 2019 mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa. Kuhamisha geti, jamani! Hilo nalo linahitaji Bunge?

Najua hasira zilizopo. Sehemu nyingi nchini, mtoto akigongwa, wananchi wanaweka mawe na magogo barabarani. Naielewa hasira hiyo. Lakini kufunga barabara ni kosa, na polisi watakuja kwa mwendo ambao hatukuwahi kuuona wakati tunaomba tuta. Na kujichimbia tuta usiku bila kibali, pikipiki isiyoliona gizani itatuulia mtu mwingine.

Mahakama je? Ipo, ila njia ni ndefu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yameziweka halmashauri na wakala za Serikali kwenye utaratibu wa kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki, kesi iende Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe. Mama aliyefiwa na mtoto atavuka vipi vizingiti hivyo peke yake?

Ndiyo maana narudi kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Naona mnaguna. Mnasema viongozi wote ni wa chama kimoja. Ni kweli, uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 uliwapa wao zaidi ya asilimia 98 ya viti, na sisi tunajua ulivyokwenda. Lakini mkutano mkuu wa kijiji si mali ya mwenyekiti. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Tukiususia, tunamwachia peke yake.

Kwa hiyo tufanye hivi. Wiki mbili, asubuhi na jioni, tuhesabu watoto wanaovuka na magari yanayopita. Tuandike kila ajali: siku, saa, mahali. Tupeleke hoja mkutanoni na tuhakikishe imeingia kwenye muhtasari. Barua iende kwa meneja husika, nakala kwa diwani na mkuu wa trafiki, na nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, siku ya kwenda mbele tutakuwa na karatasi mkononi.

La mwisho. Kwenye kazi hii tusivae sare za chama. Gari halimuulizi mtoto kadi ya mama yake ni ya chama gani. Aliye CCM na ana mtoto shuleni, tumpe daftari ahesabu nasi.