Mlima Uliotulia Juani

Kila majira ya baridi hutufikia habari kutoka milima ya Alps huko Ulaya: maporomoko ya theluji yamefukia watu. Mara nyingine habari hizo huongeza kwamba siku hiyo jua liliwaka na anga ilikuwa safi. Basi wengi huuliza, siku njema inauaje?

Theluji mlimani hulala tabaka juu ya tabaka. Joto likija ghafla katikati ya baridi, au mvua ikinyesha juu ya theluji, maji hupenya chini na tabaka hizo hazishikani tena. Mteremko wenye mwinuko wa zaidi ya nyuzi 30 huweza kuachia mzigo wote kwa mara moja.

Ndiyo maana katika siku za joto wazoefu wa milima huuliza kwanza: usiku ulikuwaje? Usiku usio na mawingu theluji huganda, na asubuhi humbeba mtu. Usiku wa mawingu haigandi vizuri, na hatari huanza mapema. Miguu ikizama hadi magotini, nyufa zikitokea, au theluji ikitoa mvumo chini ya nyayo, hizo ni dalili za kurudi nyuma.

Nchini Uswisi, taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos hutoa taarifa saa 11 jioni, na katikati ya majira ya baridi huirudia saa 2 asubuhi. Hatari hupimwa kwa daraja 1 hadi 5, kipimo walichokubaliana Wazungu mwaka 1993. Ungedhani wengi hufa siku ya daraja la 5. Sivyo. Karibu nusu ya vifo nchini humo hutokea siku za daraja la 3. Hatari ikifika 5, barabara hufungwa na watu hukaa ndani. Ikiwa 3, mtu hujiambia, "Si mbaya sana, twende." Tena, karibu 9 kati ya 10 wanaofukiwa matembezini, poromoko huanzishwa na wao wenyewe au wenzao. Dakika 15 zikipita chini ya theluji, matumaini ya kumtoa mtu hai hupungua upesi.

Mimi kazi yangu ni kusoma taarifa, nami najua jinsi zinavyosikilizwa. Watu hushika tarakimu, maelezo huyaacha. Kumbe katika siku za joto uzito wote umo katika maelezo: kwamba hatari itapanda kadiri mchana unavyopamba moto. Tarakimu ya asubuhi haimfai aliye mtelemkoni saa 8 mchana.

Wahenga walisema, kimya kikuu kina mshindo mkuu. Anayeondoka alfajiri na kushuka kabla ya adhuhuri asiitwe mwoga. Huyo amesikiliza taarifa mpaka mwisho.