Mtoto wa Makao Ana Kwao



Mkitutembelea mnauliza watoto wanakula nini na wanalala wapi. Ni maswali mazuri. Mtoto mwenyewe huuliza jingine: "Bibi atakuja lini?" Maana wengi tunaowaita yatima wana mama, shangazi au babu mahali fulani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, isipokuwa pale ambapo ataumia. Kwa hiyo kazi ya mhudumu haiishii kwenye kupika na kufua. Huandika daftarini mtoto katoka kijiji gani na nani anamfahamu, humfuata ndugu hadi shambani (msimu wa vitunguu humkuti mtu nyumbani!), kisha hupeleka taarifa kwa afisa ustawi wa jamii. Aliyekuwa akipigwa harudishwi kwa sababu tu ndugu wameomba.

Magodoro tumepata, ahsanteni sana. Nauli ya kwenda Mikumi au Kilosa kumtafuta shangazi haina fungu. Tunaomba fungu hilo, na kila kigango kitutajie mzee mmoja anayezijua koo za pale.