Kikokotoo na Haki ya Vizazi Viwili



Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: kwa nini mstaafu wa zamani aliondoka na mkupuo mnono kuliko wa leo?

Tuwachukue walimu wawili, kila mmoja akiwa na mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi na utumishi wa miezi 360. Wa kwanza alistaafu chini ya PSPF, kabla ya mifuko kuunganishwa mwaka 2018. Kwa kikokotoo cha 1/540, nusu ya pensheni ikilipwa kwa mkupuo, alipokea shilingi 37,200,000, kisha 200,000 kila mwezi. Wa pili anastaafu sasa. Kikokotoo ni 1/580, na mkupuo, uliokuwa asilimia 33 tangu Julai 2022, ni asilimia 40 tangu Januari 2025. Atapata takriban shilingi 22,345,000, kisha 223,000 kila mwezi.

Manung'uniko yake yana msingi. Hata hivyo, ukarimu ule wa awali ulikuwa na mlipaji. PSPF ilibebeshwa watumishi wa kabla ya 1999 ambao hawakuwa wamechangia, na deni hilo Serikali ilikuja kulilipa kwa hatifungani. Hatifungani hulipwa kwa kodi, na kodi hulipwa pia na mama lishe asiye na pensheni yoyote.

Kwa maoni yetu, mjadala wa asilimia umefunika dhuluma iliyo kubwa zaidi. Pensheni ya kila mwezi humtaka mwanachama awe amechangia miezi 180. Mwalimu wa Serikali huivuka bila hata kuihesabu. Mlinzi au mfanyakazi wa hoteli, anayeajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja, akakaa miezi mitano bila kazi, kisha akapata mwajiri asiyewasilisha michango, aweza kufika miaka 60 akiwa na miezi 150. Huyo hulipwa mara moja tu, basi. Wenye kipato kidogo ndio wanaoangukia hapo kwa wingi, na ni nadra kusikika katika mjadala wa kikokotoo.

Kwa hiyo, ombeni taarifa ya michango yenu kila mwaka. Hesabuni miezi, si fedha pekee, mkiilinganisha na hati zenu za mshahara. Mwezi ukikosekana, andikieni mfuko wenu mapema, wakati mwajiri yungalipo na kumbukumbu zake hazijapotea.